Mchinjaji Aliyengoja Maji Yatulie

Kudura bin Feruzi alikuwa hanywi chai ya mtu. Ungemkaribisha barazani kwako pale Nyasho, ukamwekea kiti, naye angechungulia ndani ya kikombe, angenusa ukingo wake, kisha angekuambia kwa upole kwamba leo amefunga. Kwa mtindo huo alifunga mwaka mzima. Kwenye usukani wa baiskeli yake kilining'inia kikombe chake mwenyewe, cha bati jeupe chenye ukingo wa buluu, kimezungushiwa kitambaa safi, na hakuna mdomo mwingine uliowahi kukigusa, hata wa mkewe Mwanaupe aliyemzalia watoto wanne.

Na mtu mwenye kinyaa cha namna hiyo kazi yake ilikuwa kuchinja. Kisu alikirithi kwa baba yake, Mmanyema aliyefika Musoma enzi za Mdachi, akaoa binti wa Kijita na asirudi kwao tena. Kila alfajiri Kudura alikuwa machinjioni, pua ameikunja, akilaani nzi, akilaani wachuna ngozi, akilaani utumbo na wanaoula. Alikata mara moja tu, akajitenga, akanawa mara tatu kwa sabuni. Watu walimcheka sana, lakini walimwamini kwa sababu hiyohiyo. Ikisemwa nyama hii imekatwa na Kudura, Mwislamu wa Musoma au wa Bunda alikula bila kuuliza swali la pili. Kudura hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na jina hilo tu.

Sasa, huku Mara, Mkristo mwenye sherehe akiwa na marafiki Waislamu hapiki masufuria mawili. Anamwita Mwislamu aje amchinjie, halafu wote wanakula chungu kimoja. Ndivyo Kudura alivyofika kwa mara ya kwanza Butiama, nyumbani kwa mama mmoja mjane aitwaye Marcelina, aliyekuwa akifanya karamu ya kumkumbuka mumewe. Siku hiyo ng'ombe alipiga mateke, akajinyea, na kinyesi kikamrukia Kudura kwenye kanzu kuanzia kifuani mpaka magotini. 

"Siku nyingine mkiniita," aliwafokea watu waliokuwa wameshika kamba, "nimkute ameshalazwa, miguu imefungwa, kichwa kimeelekezwa kibla. Nifike, nikate, niondoke. Sikuja hapa kupigana mieleka na mavi."

Marcelina akamletea maji ya kunywa katika kibuyu. Kudura akanusa. "Yananuka moshi," alisema mbele za watu wote, akakirudisha. Kibuyu kile mama alikuwa amekifukiza mwenyewe asubuhi hiyo, na kwao kufukiza kibuyu ni heshima kwa mgeni. Alikipokea kwa mikono miwili akaingia nacho ndani.

Mwaka uliofuata, ule mwaka Malkia alipovishwa taji huko kwao Uingereza, Alfonce mwana wa Marcelina alikuwa anaoa. Alfonce alikuwa karani wa ghala katika mgodi mmoja wa dhahabu, na kazi hiyo ilimpatia marafiki wengi wafanyabiashara wa Musoma na Bunda, Waislamu karibu wote, mkubwa wao Mzee Shomari mwenye duka Manyamanyama, huko Bunda. Akaandika barua, akampa dereva wa lori ailete Musoma: Bwana Kudura afike Jumamosi, saa tatu asubuhi, na kila kitu kitakuwa tayari kama alivyoagiza mwaka jana.

"Baba Siwema, si upande lori?" Mwanaupe alimwuliza alfajiri ya Jumamosi, alipomwona anapangusa tandiko la baiskeli kwa kitambaa cha tatu. "Linaondoka sasa hivi. Utafika mapema."

"Lori lina mbuzi."

"Si watakuwa nyuma na wewe mbele?"

"Harufu ya mbuzi haina nyuma wala mbele," alisema Kudura, akafunga kanzu yake ndani ya karatasi, karatasi ndani ya mfuko, mfuko kwenye keria, kisu juu yake, akakanyaga pedeli.

Ilikuwa asubuhi ya kumfurahisha mtu yeyote mwingine. Upepo wa ziwa ulimsukuma mgongoni. Lakini Kudura alipopita Nyakato aliona yale tu ambayo macho yake yalizoea kuyatafuta: mbwa anayelamba chungu nje ya mlango wa watu, kuku aliyegongwa jana akiwa bado hapo, mzee anayepenga kamasi kwa vidole na kujifutia kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, halafu anampungia mkono uleule. Kudura hakuupungia. Alitema mate, akakumbuka kwamba kutema mate njiani nako ni uchafu, akazidi kuchukia. Malori mawili yalimpita na kumwacha amekuwa mwekundu kwa vumbi. Kila mara alishuka, akaegesha baiskeli, akajipangusa kichwa, masikio na nyusi, akafuta mnyororo, akasukutua kwa maji ya chupa yake. Saa tatu ilipofika alikuwa hajaliona hata bonde la kuingilia Butiama.

Barabara ya bondeni ilikuwa ya mawe. Pale katikati ya vilima, ardhi ni ile nyeusi inayomeza magurudumu ikinyesha, na mgodi ulipochoka kuvuta malori yake kwenye tope ulitandika mawe bapa, jiwe kwa jiwe, maili nne nzima. Waliovunja mawe hayo walikuwa watu walioshindwa kulipa kodi. Hakukuwa na barabara nyingine kama hiyo wilayani, na waendesha baiskeli walikuwa wanaisifu mpaka Tarime, maana gurudumu halizami na vilima vya pande zote mbili vinakukinga jua. Wengine wakifika hapo walianza kuimba.

Kudura hakuimba. Mawe yalimtingisha tumbo, kikombe kikagongagonga usukani, na kati ya jiwe na jiwe aliona makapi ya miwa yaliyotafunwa na midomo ya watu. Wazo la midomo hiyo lilimfuata hadi mtoni. Hapo mto ulikatiza juu ya mawe yenyewe, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, upana wa hatua kama kumi na tano. Na juu ya mawe hayo walisimama ng'ombe.

Hawakuwa wachache. Walikuwa wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, wanakunywa na kuyarudisha waliyokunywa kwa upande wa pili, na maji yalikuwa ya kijani mazito. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mfupi aitwaye Nyamhanga, shuka begani na fimbo kwapani, amesimama katikati ya maji hayo bila viatu na wala hana shida.

"Pita, bwana," alimwita. "Inua miguu, baiskeli itateleza yenyewe. Watu wanapitaga hapa kila siku."

"Na mavi yote hayo?"

"Si ya ng'ombe tu? Ng'ombe anakulaga majani."

Kudura aliona tone moja likiruka kutoka kwenye mkia na kutua kwenye shavu la mzee, na mzee akalifuta kwa kiganja huku anaongea. Alirudisha baiskeli nyuma.

"Nitangoja maji yatulie."

"Utangoja?" Nyamhanga alicheka. "Leo ni siku ya josho. Ng'ombe wa bonde lote wanapita hapa kwenda kuogeshwa dawa. Mimi ni wa kwanza tu."

Akangoja. Aliegesha baiskeli kwenye mwamba, akatandika kitambaa, akakalia. Lilipita kundi la Nyamhanga, likaja jingine, likaja jingine. Kila maji yalipoanza kuonyesha mawe, kwato nyingine ziliyavuruga. Jua lilipanda. Alijua vizuri kwamba Butiama wanamngoja, alijua pia kwamba ng'ombe amelazwa kwa agizo lake, na kila alipojua hivyo alitazama maji yale na moyo ukasema: wacha wangoje, sherehe ni yao. Mara mbili aliinuka akashika usukani. Mara mbili alikaa tena. Ilikuwa imepita saa sita mchana alipovuka nyuma ya kundi la mwisho, miguu juu, macho ameyafumba, na alipofika ng'ambo alishuka akaosha magurudumu kwa maji yaliyobaki kwenye chupa yake.

Alifika Butiama saa nane. Marcelina alikuwa amesimama njiani, amevaa gauni la kanisani, na mkononi hakushika kibuyu. Alishika bilauri ya kioo.

"Karibu, baba. Pole na safari. Maji haya nimechemsha, hayana moshi."

Kudura alikuwa na kiu iliyomkausha ulimi. Akaiinua bilauri juani. Karibu na kitako chake palikuwa na alama ya kidole gumba cha mama yule, mafuta kidogo tu, mviringo.

"Baadaye, mama," alisema, akamrudishia. Marcelina aliiangalia bilauri, akageuza upande ule ule alioutazama Kudura, akaiona alama ya kidole chake.

Wageni walikuwa mbele ya nyumba, chini ya turubai, wamechoka kungoja. Mzee Shomari alimpungia. Kudura akavaa kanzu yake nyeupe, akatoa kisu, akamfuata Alfonce nyuma ya nyumba. Bwana harusi alikuwa ndani ya suti, jasho limemlowesha kola.

"Tumemlaza saa tatu kamili," alisema kwa fahari. "Kibla kule, miguu minne imefungwa, kama ulivyotuagiza. Wajomba walitakaga kumfungua asimame kidogo, nikakataa. Niliwaambia Bwana Kudura akifika asimkute amesimama, hatapenda."

Dume jekundu lilikuwa limelala ubavu juani, kichwa kaskazini. Tumbo lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa. Mfugaji yeyote anajua ng'ombe halazwi ubavu muda mrefu, gesi humjaa tumboni ikambana pumzi. Wale wajomba walijua. Ndiyo maana walitaka kumfungua. Lakini agizo la mchinjaji waliliona ni la dini, na mambo ya dini ya mgeni hayaguswi. Kudura alipiga goti, akaweka kidole juu ya jicho la dume. Kope haikutikisika. Akaweka kiganja puani. Hakukuwa na kitu.

"Mbona kimya hivi?" Alfonce aliuliza.

Palepale ndipo angesema. Neno moja lingetosha: amekufa. Lakini akisema hivyo wataulizana amekufaje, na jibu litakuwa ni yeye, kwa agizo lake na kuchelewa kwake. Ng'ombe mwingine hapo hapakuwa. Mzee Shomari angelirudisha neno hilo Bunda jioni ileile, na kesho lingekuwa sokoni Musoma, kwamba Kudura aliwashindisha Waislamu njaa kwenye harusi ya watu kwa sababu hataki kukanyaga maji.

"Amechoka," alisema Kudura. Akasoma bismillahi na takbiri, akakata.

Damu haikuruka. Ilitoka taratibu, nyeusi, ikajikusanya kwenye vumbi kama uji uliomwagika. Alikuwa amekata maelfu ya koo na hajawahi kusikia kinyaa kama kile, maana safari hii hapakuwa na mwingine wa kumkunjia pua. Hakunawa mara tatu. Alisahau hata mara moja.

Chakula kilipakuliwa jua likiwa limeanza kushuka upande wa ziwa. Masinia ya ugali wa muhogo na mtama, mabakuli ya nyama yenye mchuzi, watu wamekaa mviringo, Wakristo na Waislamu magoti yakigusana. Mzee Shomari alipiga kofi moja.

"Tusitie mkono kwanza. Aanze aliyetukatia. Bwana Kudura, tufungulie."

Ni kawaida, na Kudura aliisahau. Mchinjaji ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone kwamba aliyeikata anaila. Marcelina mwenyewe alimletea kibakuli kidogo, ndani yake kipande kimoja cha shingo, amekichagua. Watu walikuwa wanatabasamu. Kudura alikishika kwa vidole vitatu, akakipeleka mdomoni, akakitia. Kilikuwa laini. Alitafuna mara moja, na jicho lile lisilotikisika likamjia. Aligeuka akatapika pembeni ya mkeka, juu ya kanzu yake, mbele ya watu mia.

Kisha Mzee Shomari akacheka kicheko cha kumwokoa mtu.

"Msimjali huyu! Hata chai yangu hanywi. Kwake watu wote ni wachafu isipokuwa yeye. Mkimwona anakula kwa mtu, mjue Kiyama kimekaribia."

Watu wakacheka pia. Shomari akakata tonge, akalichovya, akachukua na kipande cha nyama. Lakini Marcelina hakucheka. Alikuwa bado amesimama mbele ya Kudura.

"Baba," alisema, "mwaka jana ulisema kibuyu changu kinanuka. Leo nimetembea mpaka mgodini kuazima bilauri kwa mke wa mzungu, kwa ajili yako peke yako, nikaiosha kwa majivu mara mbili. Ukaikataa. Nyama hii nimepika kwa mkono huu. Kama ni uchafu wangu umekutapisha, sema hapa, watu wasikie, ili mwanangu ajue mama yake amemwaibisha siku ya harusi."

Hapo mlango ulikuwa wazi kwa Kudura. Ilitosha ainamishe kichwa. Kila mtu pale angeamini, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ametoa ushahidi huo. Mama angebeba aibu, Shomari angekula, na jina la Kudura lingebaki safi sokoni. Alitazama mikono ya Marcelina. Ilikuwa imepauka kwa majivu mpaka kwenye kucha. Kisha akatazama mkono wa Shomari, unapanda mdomoni.

"Mzee, weka chini," alisema. "Nyama ni nyamafu."

Mkono ulisimama hewani.

"Nilimkuta ameshakufa. Amelazwa tangu saa tatu, amevimba, amekufa. Mimi ndiye niliyewaagiza wamlaze, na mimi ndiye niliyechelewa. Mama, chakula chako hakina kitu. Usimlaumu mtu."

"Ulijua kabla hujakata?" Shomari aliuliza. Sauti haikuwa na kicheko tena.

"Nilijua."

"Na bismillahi ukaisoma?"

"Niliisoma."

Mzee Shomari akaweka tonge pembeni, akavuta bakuli la maji ya kunawia, akanawa vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, bila haraka, na Waislamu wenzake wakanawa baada yake mmoja mmoja. Hakumtukana. "Kisu hicho," alisema alipomaliza, "usikichomoe tena kwa ajili yetu." Alfonce alikuwa ameinamisha uso. Wajomba zake, ambao ng'ombe aliyevimba wamemla tangu utotoni, walinong'onezana kidogo kisha wakaendelea, kwa kuwa njaa ilikuwa njaa. Wageni Waislamu wakaletewa furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani waliokuwa akiba ya nyumba ile kwa wiki nzima ijayo, na Marcelina aliwapakulia akiomba radhi kwa kila sahani.

Kudura alisubiri mpaka amalize. Kiu ilikuwa imemshika sasa, na ladha ya matapishi, na alimwendea mlangoni pa jiko.

"Mama, naomba yale maji."

Bilauri ilikuwa juu ya kinu, imejaa vilevile. Marcelina aliichukua. Alimtazama Kudura kuanzia kanzu yenye matapishi mpaka mikono yenye damu ambayo hakuiosha, akamtazama kama Kudura alivyozoea kutazama vikombe vya watu. Kisha akamwaga maji yote chini.

"Bilauri ni ya watu," alisema. "Nitaambiwa nini nikiirudisha? Safari njema."

Akaendesha. Hakushuka kujipangusa, ingawa vumbi lilikuwa lilelile na lori lililompita lilikuwa lilelile lenye mbuzi. Alikuwa anajinusa mwenyewe njia nzima, na kila alivyojinusa alichukia, na safari hii hakuwa na mahali pa kurudi nyuma. Kwenye barabara ya mawe kikombe kiligongagonga usukani. Chupa ilikuwa tupu. Maji yake aliyamalizia mchana kwenye magurudumu.

Mtoni ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka joshoni, wamelowa, wananuka dawa, wamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Nyamhanga alikuwa palepale katikati, fimbo kwapani. Alimwona yule bwana wa asubuhi anaangusha baiskeli juu ya mawe, kikombe cheupe kikiwa bado kimefungwa kwenye kitambaa chake, anaingia majini na viatu, na kanzu, anapiga magoti kati ya miguu ya ng'ombe.

"Eh! Bwana!" mzee alipiga kelele. "Usinywe hayo, yana mavi na dawa! Ngoja kidogo yatulie!"

Kudura hakungoja.